Ofa ya Nairobi: kisa cha mpwa wangu developa na kibali cha kazi cha Kenya

Kisa chenyewe kiko hivi. Mpwa wangu ni developa wa bekendi (anaandika programu zinazoendesha mfumo kwa ndani), yuko Dar, alikua kwenye kampuni moja maeneo ya Makumbusho wanatengeneza mifumo ya malipo, mshahara 3,500,000 kabla ya makato, kaoa, mkewe yuko benki. Katikati ya 2025 akapata ofa Nairobi, kampuni ndogo tu inayokua, nayo ya mambo ya malipo, 250,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato na wanataka aripoti ndani ya wiki mbili. Kwenye imeili ya HR kulikua na sentensi moja ndo iliyonifanya nikae nao chini: aingie tu kama mgeni, kwani ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), mpakani atapewa miezi sita bure, kibali cha kazi kitashughulikiwa huku tayari anapiga kazi.

Ujumbe wake wa Wasap ulikua mfupi. "Shikamoo mjomba. Nimepata kazi Nairobi hela karibu mara mbili, wanasema sisi EAC hatuna haja ya visa. Nitoe notisi?" Nikamjibu marahaba, usitoe notisi kwanza, nitumie mkataba wote, sio skrinshoti ya mshahara.

Mi nimefanya kazi za ajira miaka mingi kwenye kampuni zenye watu pande zote mbili za Namanga kwahiyo hii sentensi ya "ingia kwanza" naijua vizuri, na wanaoiandika wengi wala hawana nia mbaya, wanaamini kabisa kwamba Afrika Mashariki tumeshafunguana milango. Ni nusu ya kweli tu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009 ikaanza kutumika 1 Julai 2010, na kifungu cha 10 kinataja uhuru wa wafanyakazi kutoka nchi moja kwenda nyingine. Ila ukishuka kwenye kanuni zake ndo unakuta kazi yenyewe inavyotakiwa kufanyika: una mkataba wa zaidi ya siku 90, unaomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu umesaini, mamlaka zinatakiwa zikupe ndani ya siku 30, kibali cha hadi miaka miwili kinachoweza kuhuishwa. Mkataba wa siku 90 kushuka chini unaombewa pasi maalum. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba muhuri wa mgeni unatosha kukaa ofisini unalipwa mshahara. Ile miezi sita ya mpakani ni ya kuingia na kukaa, hata kutafuta kazi ruksa, kufanya kazi ni kitu kingine.

Na sheria ya Kenya ya uraia na uhamiaji ya 2011 haina utani hapo, kufanya kazi bila kibali adhabu yake ni faini hadi 500,000 za kwao au jela hadi miaka mitatu au vyote viwili. Mwajiri naye anahusika, ila mwajiri yuko kwao, wewe ndo utarudishwa na rekodi inabaki kwenye jina lako. Kwa kijana ambaye kazi zake zote zijazo zitahitaji vibali hiyo rekodi ni mbaya kuliko faini.

Kitu kinachowachanganya watu ni neno bure. Ni kweli Kenya haitozi raia wa Jumuiya ada ya kibali cha kazi, wakati Mhindi au Mwingereza analipiwa mamia ya maelfu ya shilingi kwa kila mwaka. Lakini bure ni ada tu, makaratasi ni yale yale: barua ya mwajiri ikieleza kwanini hakupata Mkenya, mkataba uliosainiwa, vyeti vilivyothibitishwa, usajili wa kampuni, uthibitisho kwamba kampuni haidaiwi kodi, na mara nyingi jina la Mkenya atakayejifunza hiyo kazi kwako ili siku moja akuachie. Na muombaji kiuhalisia ni mwajiri, sio wewe. Hapo ndo kampuni ndogo zinapochemka, hazijawahi kuajiri mgeni, HR ni mtu mmoja ambaye pia anaagiza chai na karatasi za printa.

Tukaja kwenye hela maana yeye alikua ameshapiga hesabu kichwani, 250,000 mara 20 (shilingi ya Kenya imekua ikicheza hapo hapo kwenye 20 za kwetu) ni milioni 5, kutoka 3.5, na makato hana habari nayo. Nikamwambia tulinganishe mkononi kwa mkononi. Dar kwenye 3,500,000 inatoka NSSF ya pensheni asilimia 10 yani 350,000, PAYE (kodi ya mshahara) kwenye inayobaki ni 773,000, bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara yani 525,000, anabaki na 1,852,000. Nairobi kwa viwango vya 2025 kwenye 250,000 inatoka NSSF yao 4,320, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 yani 6,875, makato ya nyumba asilimia 1.5 yani 3,750, PAYE kama 62,900 hivi, anabaki na takriban 172,000. Mara 20 ni 3,440,000. Akafurahi zaidi, akaniandikia "umeona mjomba, ni mara mbili kweli."

Sa hapo kuna mtego. Ile 525,000 ya bodi haijafutwa, imeacha kukatwa tu kwasababu mwajiri wa Kenya hamkati chochote kwa ajili ya bodi. Deni linabaki pale pale linamsubiri, inabidi alipe mwenyewe kwa kontrolo namba kila mwezi, na kijana asipojiwekea utaratibu atakaa miaka miwili anajiona tajiri halafu akirudi anakutana nalo. Ukiitoa inabaki kama milioni 2.9. Pango la Dar linaendelea kwasababu mke habanduki (nitafika huko), na Nairobi akapata wan bedruumu Ruaka kwa 25,000, hiyo nayo ni nusu milioni ya kwetu, tumeshashuka kwenye milioni 2.4. Bado majiko mawili, bado nauli za matatu (daladala za kule) za kila siku, bado nauli za kurudi kumuona mke. Kwahiyo ile "mara mbili" ukiipekua ni ongezeko la laki tano na kitu kabla hajala. Sio kidogo, ila sio hela ya kukimbilia bila kibali.

Upande wa pensheni ndo sikupenda kabisa. Huku kwetu unahitaji miezi 180 ya kuchangia ndo upate pensheni ya kila mwezi, yeye alikua na miaka mitatu minne hivi, na akivuka saa inasimama. Michango ya huku na ya kule haijumlishwi. Yeye ana miaka 27 hili halikumgusa hata kidogo, akasema pensheni ni mambo ya wazee, nikaliacha.

Tukarudi kwenye mkataba. Kurasa tisa, nyingi za kunakili tu, ila kuna kipengele cha probesheni (kipindi cha majaribio) ya miezi sita nikakisoma mara mbili. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu probesheni hadi miezi sita, na ndani ya kipindi hicho mwajiri anaweza kukuacha kwa notisi ya siku saba. Siku saba! Mtu umehama nchi, umelipa dipoziti ya nyumba, umeacha kazi Dar kwa notisi ya siku 28, halafu Jumatatu unaambiwa Jumatatu ijayo ndo mwisho. Na kibali kimeandikwa jina la mwajiri, kazi ikiisha sababu ya wewe kuwepo pale kama mfanyakazi nayo imeisha. Hili ndo lilikua jambo lenyewe kwangu, zaidi ya mshahara na zaidi ya mpaka: uraia wa Jumuiya unakuingiza Kenya, ila kinachokuweka kazini ni uhai wa kampuni moja. Na kampuni za teknolojia za Nairobi zinakufa, tena za kujulikana. Kune ya chakula ilifunga 2022, Sendy ya usafirishaji ikafuata 2023, Copia ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Mei 2024, na hizo zote zilikua na wawekezaji wa maana. Sisemi mtu asiende Nairobi, iko mbele yetu kwa mbali kwenye kazi hizi, Microsoft wana kituo cha maendeleo pale tangu 2019, Google wakatangaza cha kwao 2022, mishahara inavutwa juu na hao hao. Nasema uende ukijua umesimama juu ya nini.

Njia tulizoziona zilikua tatu. Ya kwanza ndo ile ya HR, vuka sasa hivi kama mgeni, hiyo tukaitupa. Ya pili asubiri Dar akiwa bado kwenye kazi yake mpaka kibali kitoke, hii ndo safi kabisa na ndo niliyoitaka mimi, tatizo kampuni ilikua na mteja mkubwa anaanza na haikutaka kungoja. Ya tatu afanye kazi kama kontrakta akiwa Dar, anatuma invoisi, anakatwa kodi ya zuio (mteja anaikata kabla ya kumlipa), mpaka kibali kitoke ndo avuke kama mwajiriwa.

Tukapendekeza ya tatu na HR wakakubali haraka kuliko nilivyotegemea, nadhani walikua hawajawahi kuifikiria. Kwa kontrakta asiye mkazi Kenya inakata zuio asilimia 20 kwenye malipo ya ushauri, ila kwa raia wa nchi za Jumuiya ni 15, na hapa ndo unaona uraia wa Jumuiya unafanya kazi ya maana kimya kimya bila watu kujua. Invoisi ya 250,000 akapokea 212,500. TIN yake akaenda kuifungulia biashara TRA, na kila malipo nikamwambia adai cheti cha zuio, maana kodi aliyokatwa Kenya anaweza kuombea unafuu huku lakini bila cheti ni hadithi tu. Nchi za Jumuiya zilisaini makubaliano ya kutotoza kodi mara mbili tangu 2010 ila hayajaanza kutumika, kwahiyo usitegemee mfumo ukujue wenyewe, ushahidi unatembea nao wewe.

Akaonja ukontrakta akaupenda, akaanza kuuliza mjomba kwani nihame kwanini. Swali zuri tu. Kwa mtu mwenye mke anayefanya kazi Dar, kama kampuni ingekubali ningemwambia abaki hivyo hivyo, ajilipie NSSF ya hiari na bima na maisha yaende. Ila bosi wake alitaka timu ikae pamoja, ukontrakta ulikua wa muda na walisema hivyo tangu mwanzo. Halafu kuna hili: ukiwa kontrakta wa jina tu, unaingia saa mbili unatoka saa kumi na moja, likizo unaomba ruhusa, bosi ni mmoja, siku mtu wa kodi akikuuliza hii ni biashara gani yenye mteja mmoja anayekupangia saa za kula utajibu nini. Miezi michache sawa. Miaka, hapana.

Kwenye mkataba wa ajira tulibadilisha vitu viwili tu. Probesheni ikabaki ila notisi ndani yake ikawa mwezi mmoja badala ya siku saba, na kikaongezwa kipengele kwamba kampuni ikimuacha kabla ya mwaka inamlipia nauli ya kurudi na dipoziti ya nyumba kama hatarudishiwa na mwenye nyumba. Alikua anaogopa kuomba, eti wataona msumbufu. Nikamwambia anayekuhamisha nchi ndo mtu wa kuombwa, na uombe kabla ya kusaini, baada ya hapo unaomba msaada.

Kibali kilichelewa na chanzo kilikua kampuni yenyewe. HR alipeleka maombi bila uthibitisho wa kodi wa kampuni, kumbe walikua na ritani za kodi hazijawasilishwa, ikabidi mhasibu wao azisafishe kwanza. Halafu barua ya kueleza kwanini sio Mkenya waliandika mistari mitatu, "ni mtaalamu mzuri sana". Ikarudishwa. Nikakaa na mpwa wangu jioni moja tukawaandikia rasimu: mfumo anaoujenga unaunganishwa na mitandao ya simu ya Tanzania, ameshafanya hiyo kazi na waendeshaji wa Tanzania, kampuni ina mpango wa kuingia soko la Tanzania, na Mkenya atakayejifunza ni developa wao mdogo ambaye tayari yupo kwenye timu. Hiyo ilikua ni kweli tupu, walikua hawajaona kama ni hoja tu. Safari hii haikurudi.

Kuna jambo la fani yetu hapa wengi hawalioni. Wahasibu, wahandisi na wasanifu majengo wana makubaliano ya kutambuana ndani ya Jumuiya, mhandisi aliyesajiliwa Tanzania ana njia ya kutambuliwa Kenya. Developa hana bodi, hana namba ya usajili. Raha yake hakuna mtu wa kukuuliza leseni. Ubaya wake ni kwamba uzito wote unabebwa na hiyo barua na vyeti, na kama ulijifunza mwenyewe Yutyubu bila digrii barua inabidi ifanye kazi mara mbili. Mpwa wangu ana digrii ya UDSM, hakusumbuka.

Akavuka kwa basi kupitia Namanga, pasipoti mkononi na kadi ya manjano. Nasema pasipoti kwasababu wenzetu wa Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014 wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa, sisi hatupo kwenye huo mpango, na kuna vijana wanafika Namanga na NIDA wanashangaa. Pale ni kituo kimoja cha pamoja, unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja, ukiwa na barua ya kibali unaionyesha hapo hapo ili usigongewe kama mgeni wa kawaida.

Mwezi wa kwanza Nairobi hakupata mshahara kwa wakati na hakuna aliyemdhulumu, ni mnyororo wa makaratasi tu. Benki inataka kadi ya mgeni (kitambulisho cha mgeni anayeishi Kenya), kadi ya mgeni inaombwa ukiwa na kibali, PIN ya KRA, yani namba ya mlipa kodi ya kule, kwa mgeni nayo inataka hivyo hivyo, na mhasibu hawezi kukuingiza kwenye mshahara bila PIN. Aliishi kwa hela ya kuhamisha kutoka M-Pesa ya Vodacom kwenda ya Safaricom, laini alisajili kwa pasipoti. Anayekwenda abebe akiba ya miezi miwili, sio mmoja. Ila kuna afueni moja ya Nairobi, nyumba analipa mwezi kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, hakuna mambo ya baba mwenye nyumba kutaka kodi ya miezi sita mkupuo kama kwetu.

Watu wa Kenya wanaotaka kuja huku hali yao ni ngumu kuliko ya mpwa wangu na lazima tukubali. Tanzania vibali ni viwili, cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na cha ukaazi kwa Uhamiaji. Julai 2025 ikatoka amri ya kuzuia wageni kwenye biashara 15, ufundi simu ukiwemo na uwakala wa pesa za simu pia, wakati huo huo mpwa wangu anajaza fomu za Kenya bila kulipa ada. Wenzake ofisini wamemuuliza hilo siku ya kwanza kabisa. Akacheka tu, angejibu nini.

Sasa hivi probesheni imeisha na kampuni nyingine Westlands imemnyemelea, 320,000. Anaitaka. Kibali alichonacho kina zaidi ya mwaka mbele ila ni cha mwajiri huyu, kule kwingine ni maombi mapya kuanzia sifuri, kwahiyo hatoi notisi mpaka kipya kiwe kwenye imeili yake, na kama hao wapya hawawezi kungoja basi wajue mapema.

Mkewe ndo sehemu iliyobaki. Kwenda kama mwenza angepata pasi ya mtegemezi kupitia kibali cha mumewe, lakini pasi hiyo ni ya kukaa, sio ya kufanya kazi, akitaka kazi anahitaji kibali chake mwenyewe. Mshahara wake wa benki ni karibu sawa na wa mume alivyokua Dar, kuuacha ili akae Ruaka wala hatukuujadili sana, mwenyewe alisema "mjomba mi siendi kuangalia ukuta". Bahati nzuri benki yake makao makuu yako Nairobi na ameomba uhamisho. Ukikubaliwa benki ndo itamuombea kibali kwa jina lake, na benki kubwa HR wao wanajua kazi. Nimemwambia vyeti vyake avithibitishe huku huku Dar kabla, na kwenye barua ya uhamisho waandike wazi kama atahesabika mwajiriwa wa Tanzania aliyeazimwa au mwajiriwa mpya wa Kenya, maana hapo ndo NSSF yake itaendelea au itasimama.